Kurui Tumefunga Jembe

Kurui, Kisarawe
Jumatano, 24 Julai 2024

“Wakulima wa Kurui hawana nidhamu ya muda. Hawafai kupangiwa ratiba, kwa kuwa hawatofautishi siku ya kazi na siku ya mapumziko.”

Mpwa wangu Firdausi, hayo ni maneno yako, wala usiseme umesingiziwa. Yamo kwenye barua ambayo kiwanda chenu cha wanga kimemletea mwenyekiti wa kijiji, na chini yake meneja ameandika kwamba yametoka katika taarifa ya mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, Firdausi Sadick. Mwenyekiti alinipa niisome mbele ya kikundi cha wakulima, maana katibu ni mimi. Nikasoma. Nilipofika kwenye jina nikasita, na Ashura akasema kutoka nyuma, “Malizia tu, katibu, huyo si wa kwenu?” Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sasa salamu. Hujambo? Dada yangu Saida hajambo? Sisi huku wazima. Bibi yako Mwanamvua anakohoa asubuhi lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Anauliza kama huko chuoni mnafundishwa kumenya mihogo au kuitazama tu.

Nirudi kwenye sentensi yako. Siku fuso lenu lilipokuja likakuta mashamba kimya, tulikuwa tumemzika mzee Matano jana yake. Ulijua kwamba amefariki, mama yako alikuwa hapa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Kilichokushinda ni kujua kwamba Kurui akifa mtu, hafungi jembe mfiwa peke yake. Kijiji kizima kinafunga, hakuna anayegusa shamba, mpaka isomwe hitima ya siku ya tatu. Mwenye shamba kitongoji cha mbali anafunga. Ashura alikuwa hasalimiani na Matano tangu ule ugomvi wa mpaka, naye alifunga. Hayo ndiyo mapumziko? Watu wamechimba kaburi, wamebeba maji, wamepikia umati, halafu wewe umekaa Kibaha unaandika kwamba walikuwa wamepumzika.

Usidhani nabishana na kitu nisichokijua. Kile kitabu ulichoniachia mwaka jana, cha namna viwanda vya magari vinavyopanga kila kipuri kifike saa kinapohitajika, nimekisoma chote, na baadhi ya kurasa mara mbili. Kitabu kizuri. Lakini boliti haifiwi. Boliti haina shangazi. Ukichukua ratiba iliyoshonwa kwa kipimo cha boliti ukamvika mtu, ikambana kwapani, utamlaumu mtu au fundi?

Nataka ile sentensi uifute. Barua hii nampa Hashiru, dereva wenu, aje nayo na mzigo. Kwenye simu huku mtu anasikika nusu, na mimi jambo langu silisemi nusu.

Mjomba wako,
Mwishehe


Pangani, Kibaha
Jumanne, 30 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kifua cha bibi kimepoa. Mwambie mihogo tunafundishwa kuitazama tu, kumenya kuna wenyewe. Mama mzima, anakusalimu. Barua yako aliisoma kabla yangu, kwa hiyo nimesemwa na pande zote mbili.

Sentensi nimeifuta, na nimemwandikia Bwana Castory, meneja ugavi, kwamba nilikosea. Nilidhani anayefunga jembe ni mwenye msiba na majirani zake wa karibu. Mimi nimekulia hapa Pangani. Mtaani kwetu kukiwa na msiba, mwenye duka anafungua mlango mmoja badala ya miwili na biashara inaendelea. Kosa ni langu.

Lakini na barua yako ina tundu, mjomba. Hashiru alifika Kurui, akasubiri mpaka alasiri, akarudi na gari tupu. Kikundi kizima kina simu. Nani alimpigia asije? Umeniandikia habari za boliti na kwapa, hapo hukugusa.

Nikueleze kazi niliyopewa huku, maana shahada yangu ya usimamizi wa uzalishaji na lojistiki naona unaiheshimu kwenye harusi tu, unapowatajia wageni. Natakiwa kueleza kwa nini mihogo haifiki kiwandani siku inapotakiwa. Muhogo ukishang'olewa haukai, unalijua hilo kuliko mimi. Unaanza mistari myeusi ndani, na wanga wake unatoka wa kijivu, hakuna anayeutaka. Kwa hiyo kiwanda hakina akiba. Kinachoingia leo kinamenywa leo. Siku ambayo Hashiru alirudi tupu, wanawake wa kumenya waligeuzwa getini, kwa sababu wao ni vibarua na siku isiyo na mihogo si siku yao. Mmoja wao, Juliana, alitoka Mlandizi alfajiri na mtoto mgongoni. Aliniuliza, “Dada wa ratiba, leo imekuwaje?” Nikamjibu, Kurui hawakuleta. Nikakaa mezani nikaandika ile sentensi nikiwa na hasira hiyo. Boliti haina shangazi, sawa. Juliana anaye, na anamlisha.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo zito. Bwana Castory amesema fuso likirudi mara nyingine bila mzigo unaofaa, Kurui inatoka kwenye ratiba. Gari litakuwa linakwenda kwa wakulima wa bonde la Ruvu, jirani na Mlandizi, ambako hakuna tope la njia ya Mzenga. Nyinyi mtarudi kwa madalali, wale wanaokuja wakati wanaotaka na kutaja bei wanayotaka.

Naomba jambo moja. Akifa mtu, mtu mmoja apige simu kabla fuso halijawashwa. Nitaligeuza liende Ruvu siku hiyo, kisha litakuja kwenu jembe likifunguliwa. Ni simu moja tu.

Mpwa wako,
Firdausi


Kurui
Jumatano, 31 Julai 2024

Mpwa wangu Firdausi,

Marahaba. Tumeamka salama, bibi yako ameamka na maneno. Nimemsomea barua yako hapa nje huku watu wakipakia, akasema, “Mwulize hiyo ratiba ndiyo itakayomwoa?” Hilo utamjibu mwenyewe.

Ya Juliana yameniingia, sina kejeli nayo. Mtu aliyetoka Mlandizi alfajiri na mtoto mgongoni akageuzwa getini, amedhulumiwa. Nauliza tu kwa nini aliyemgeuza ni kiwanda na anayelaumiwa ni marehemu. Kiwanda kinachochukua watu kwa siku moja moja, ili hasara yoyote ikitokea iwaangukie wao, ndicho kisicho na nidhamu. Liandike hilo kwenye taarifa yako uone kama meneja ataliweka kwenye barua.

Halafu hiyo simu yako moja tu. Hivi mama yako hajakufundisha? Mtu akikata roho, habari zina zamu yake. Wanaanza ndugu wa tumbo moja, mkubwa kwenda mdogo, kisha shangazi, kisha wajomba, kisha watoto walio mbali. Mwaka juzi baba yake Mudathir alipofariki, Mudathir alimpigia rafiki yake wa Dar es Salaam kabla ya kumwambia shangazi yake anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mama wa watu alisikia kifo cha kaka yake kwa abiria wa bodaboda. Mpaka leo hali chakula kwa Mudathir. Akialikwa anakuja, anakaa, anaomba maji, anaondoka. Sasa unataka mfiwa, au mimi ambaye ni ndugu wa nusu ya kijiji hiki, nimpigie Castory kabla ya shangazi wa mtu? Castory amemzaa nani hapa?

Hapana. Mimi nitamjibu meneja wako kwa kazi. Zamani tulikuwa tunangoja fuso lifike ndipo tung'oe. Wiki ijayo tutang'oa Jumanne kikundi kizima, tukimaliza shamba la huyu tunahamia la yule, na Jumatano asubuhi fuso litakuta mihogo imepangwa barabarani inalingoja. Hapo tutajua nani hana nidhamu ya muda.

Mjomba wako,
Mwishehe


Kurui
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Firdausi,

Leo salamu zangu ni fupi. Wazima tupo.

Tuling'oa Jumanne kama nilivyosema. Jumatano tukasubiri, gari hakuna. Jana Alhamisi ilikuwa Nane Nane, redio inawasifu wakulima tangu asubuhi, na wakulima wenyewe tumekaa barabarani tunafunika mihogo kwa majani na kuinyunyizia maji kama wauguzi. Fuso limekuja leo Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Hashiru anasema mashine yenu ya kusaga iliharibika Jumanne asubuhi, na mafundi hawakufika mpaka sikukuu. Jumanne asubuhi sisi majembe yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia ardhini. Nani alitupigia?

Nimekata muhogo mmoja mbele ya Hashiru. Una mistari kama daftari. Akasema, “Mimi napakia, mzee, mengine watajua wao kiwandani.” Apakie.

Nusu ya muhogo huo nimeutia kwenye mfuko pamoja na barua. Utazame. Si ndiyo mnayofundishwa?

Mjomba wako,
Mwishehe


Pangani, Kibaha
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo. Mpe bibi shikamoo yake.

Barua hii anakuletea mama kwa kuwa fuso haliji tena Kurui. Ule mzigo ulikataliwa wote, ukamwagwa nyuma ya kiwanda. Jumatatu Bwana Castory akawafuta kwenye ratiba.

Uliuliza nani alikupigia. Aliyetakiwa kupiga ni mimi. Mashine ilipokufa, kazi yangu ilikuwa kumjulisha kila mtu aliye kwenye mnyororo. Nilimjulisha Hashiru. Niliwajulisha kina Juliana wasije, nikajiona nimefanya la maana. Nikamwuliza Bwana Castory kuhusu Kurui, akasema, “Waache, mihogo iko ardhini, itakimbilia wapi?” Nilijua haiko ardhini. Barua yako ilikuwa kwenye droo yangu. Nikasema nitapiga baada ya kikao, kikao kikazaa kikao kingine, sikupiga.

Nilikwenda ofisini kwake. Nakuandikia tulivyosema, usije ukadhani niliingia kulia.

“Gari limerudi na mzigo usiofaa,” akasema. “Nilisema nini mimi?”

“Ulisema wakishindwa wao. Safari hii tumeshindwa sisi.”

“Wewe uko fildi, binti. Usiseme sisi.”

“Basi nitaandika nimeshindwa mimi. Na kwa kuwa taarifa yangu unaisaini wewe, utasaini au utakataa.”

Akanitazama kama mtu aliyeona panya kwenye unga. Nilimpigia mwalimu wangu anayenisimamia, Mwalimu Adventina. Hakunisifu. Alisema, “Mkosaji umeshampata, na dawa iko wapi? Taarifa yenye mkosaji tu ni umbeya uliopigwa chapa.” Nikarudi kwa meneja nikamwomba muda. Amekubali hivi: nikipata njia ya kila upande kujua kabla jembe halijaingia ardhini, Kurui itarudishwa kwa mwezi mmoja wa majaribio. Nisipopata, basi.

Mjomba, ulinishinda kwenye zamu ya habari, nikarudi kwenye somo langu. Tunafundishwa kuuliza taarifa inazaliwa wapi, na ni nani lazima aipate kwanza ili kazi yoyote ianze. Nikamwuliza mama, siku ya mzee Matano ni nani alijua kabla hata ya shangazi? Akafikiri, akasema, “Jabiri.”

Unaona? Kabla mtu hajapigiwa simu, kuna aliyekwishatumwa dukani kwa Jabiri kukata sanda. Jabiri hapewi habari ya msiba, anauza kitambaa. Kwao ni Mlandizi, Kurui hana shangazi wala mjomba, hayumo kwenye zamu yenu, kwa hiyo akijua hakuna aliyerukwa. Yeye ndiye anipigie mimi. Na siku mashine yetu ikiharibika nimpigie yeye, awaambie nyinyi.

Iweke mbele ya kikundi. Mama atarudi Jumatano, nipe jibu kwa mkono wake.

Mpwa wako,
Firdausi


Kurui
Jumatano, 21 Agosti 2024

Mpwa wangu Firdausi,

Marahaba. Mama yako amefika salama, amelala kwa bibi yako siku zote hizi na wamecheka kuliko sisi wenye nyumba. Kikohozi kipo, dawa anakunywa akitaka.

Tumekaa kikao jana. Nilisoma barua yako yote, pamoja na pale ulipojitaja mkosaji. Kisha Ashura akasema, “Angalau huyu amesema mwenyewe. Wa kwetu huku mpaka uwaite kwa mwenyekiti.” Nadhani ni salamu.

Jabiri tulimwita. Akasikiliza, akauliza, “Kwa hiyo nikikata sanda nikate na vocha?”

Mudathir akamwambia, “Sasa wewe ndiye meneja ugavi, utavaa tai dukani.”

“Mimi sina neno. Neno ni kwenu, msije mkaniambia nawaombea vifo.”

“Hilo tulishalisema siku nyingi,” Ashura akasema, “tangu ulipopandisha bei ya sanda.” Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Nilibishana nao, usifikiri nilikaa kimya. Nilisema tunaingiza kiwanda mahali ambapo hata serikali haiingii, kati ya mtu kukata roho na ndugu zake kujua. Nikashindwa kwa kura. Lakini nilitaka masharti, na hayo walinipa. La kwanza, mihogo iliyong'olewa kwa siku mliyopanga nyinyi ni mihogo yenu, ikioza imeozea mikononi mwenu, na meneja aweke saini. La pili, Jabiri akipiga asitaje jina. Aseme, “Kurui tumefunga jembe,” basi. Jina la marehemu wetu halitafika kiwandani kabla ya kufika kwa ndugu zake.

Njia uliyoipata ni nzuri. Nimeiandika mara moja, sitairudia.

Mjomba wako,
Mwishehe


Pangani, Kibaha
Jumanne, 3 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Bibi hajambo?

Bwana Castory amesaini, na sharti la mihogo kuozea mikononi mwetu amelisaini pia, ingawa kalamu aliishika kama inaunguza. Nimeshampigia Jabiri awaambie mng'oe leo. Fuso litakuja kesho, na barua hii utaipata kwa Hashiru kama zamani.

Juliana anawasalimu watu wa Kurui. Alikuwa hajui Kurui iko wapi, nimemwonyesha kwenye ramani ya simu. Akasema, “Kumbe mbali hivyo, na mihogo yao ndiyo rahisi kumenya.”

Mpwa wako,
Firdausi


Pangani, Kibaha
Jumanne, 24 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo, na pole tena.

Msibani hatukuzungumza. Wewe ulikuwa na wanaume nje, mimi nilikuwa ndani na mama, na kila nilipotoka kuchota maji ulikuwa unapokea watu. Kwa hiyo naandika, na barua hii Hashiru atakuletea kesho akija kupakia.

Jumanne ile iliyopita nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa mezani. Jabiri akapiga. “Firdausi,” akasema, “Kurui tumefunga jembe.” Akanyamaza, hakukata simu. Nikasema, “Sawa, asante kwa kutoa taarifa.” Ndipo akakata.

Nikampigia Hashiru, kesho aende Ruvu. Nikawapigia wa Ruvu waanze kung'oa. Nikawaambia kina Juliana kesho kazi ipo. Nikajaza kwenye kompyuta: Kurui, imesogezwa, msiba. Bwana Castory akapita nyuma yangu, akasoma, akasema, “Unaona sasa? Mfumo unafanya kazi.” Nilifurahi, mjomba. Kwa mara ya kwanza tangu nije fildi nilifurahi. Nikaenda kantini kunywa chai. Nilikuwa natafuna andazi mama aliponipigia kuniambia kwamba bibi ametutoka tangu alfajiri.

Nilikuwa nimeshajua na sikuwa nimejua. Kifo cha bibi yangu nilikijaza mwenyewe kwenye kompyuta, nikaenda kunywa chai.

Jabiri simlaumu, alishika sharti. Wewe pia sikulaumu. Natafuta wa kumlaumu sioni, na hilo linanisumbua kuliko kama angekuwepo. Ijumaa ya wiki ijayo nasimama chuoni kuwasilisha taarifa mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu, na Bwana Castory amealikwa. Siku ile ndiyo siku nzuri kuliko zote kwenye taarifa yangu. Mihogo ilifika, hakuna aliyegeuzwa getini, hakuna kilichooza, na kwa sababu yake Kurui imepewa mkataba wa msimu mzima. Nimejaribu kuisoma kwa sauti hapa chumbani, nashindwa. Nafikiria kuitoa.

Na kuna la Hashiru. Amepewa barua ya kujieleza kwa nini Alhamisi mchana alichukua gari la kiwanda akawaleta kina Juliana kwenye hitima. Hajaijibu. Anasema hajui aeleze nini.

Niambie nifanye nini, mjomba.

Mpwa wako,
Firdausi


Kurui
Jumatano, 25 Septemba 2024

Mpwa wangu Firdausi,

Marahaba, na pole iwe yetu sote. Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi najikuta nasubiri kikohozi.

Siku ile usiitoe. Na usijitafutie kosa la uongo. Kazi uliifanya sawasawa, na ndiyo maana inakuuma. Ungekuwa umezembea ungepata pa kujificha. Sharti la kutotaja jina ni langu na silijutii. Mama yako alipata habari kwa mdomo wangu, katika zamu yake, na hakuna atakayekataa chakula chetu kwa ajili hiyo.

Lakini nina swali, na sikuulizi kukuumiza. Jabiri aliponyamaza bila kukata simu, alikuwa anangoja neno. Ukamwambia, “Asante kwa kutoa taarifa.” Sasa fikiri kama marehemu angekuwa bibi wa Mudathir. Ungekunywa chai yako, ungeridhika, na mpaka leo ungekuwa hujui kwamba kuna kitu hukukifanya. Umekijua kwa sababu aliyekufa ni wa kwako. Wenzako watakijuaje?

Nikuambie alichoniambia Juliana. Hashiru aliposimamisha fuso na wanawake wale wakaanza kushuka na kanga zao kichwani, nilidhani wamekufuata wewe. Nikamshukuru kwa kumkumbuka mwenzao. Akashangaa. “Dada wa ratiba hatukumwona tangu juzi, tulidhani karudi chuo,” akasema. “Sisi tulisikia Kurui mmefunga jembe. Tukamwuliza Hashiru ni nani, akasema hajui. Tukasema basi twende tukajue.” Kwamba ni bibi yako aliona alipoingia ndani akakukuta mkekani. Walikuja kwenye hitima ya mtu ambaye jina lake hawakulijua, kwa kuwa mihogo ya watu wake hupita mikononi mwao. Hao ndio niliowahi kuambiwa kwamba tuliwapotezea siku yao. Nimekula nao sinia moja, nikaona aibu kidogo, na aibu hainitokei mara nyingi.

Mkataba tumeupata na mihogo leo inapakiwa. Nafurahi, na bibi yako angefurahi, ingawa angelisema gari ni bovu. Ila mkataba unasema mtafanya nini na gari jembe likifungwa. Hausemi mtafanya nini na sisi. Basi Ijumaa hiyo chuoni ukifika kwenye ukurasa wako mzuri, usome kama ulivyo, kisha uwasomee na haya yanayofuata, ukiwa umesimama, na uwaambie yametoka kwa katibu wa wakulima wa Kurui.

Bwana Castory, ile barua uliyompa Hashiru uirudishe mezani kwako leo uichane. Alifanya ambalo lilikuwa lako. Walimu mnaofundisha ratiba na magari, na nyinyi wanafunzi mtakaokaa kwenye meza ya Firdausi yeye akimaliza: Jabiri akipiga simu, mwambieni pole kabla hamjagusa kompyuta. Kisha pangeni gari lenu liende mnakotaka, hatuna ugomvi. Halafu mmoja wenu, mwenye cheo, si kibarua, apande aje Kurui akae chini nasi mpaka hitima isomwe. Aje bila kuuliza ni nani aliyekufa, atakuta jina tunalitaja.

Mjomba wako,
Mwishehe